Nyumba na wapangaji: Unapoichukua nyumba yako kutoka kwa kampuni

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wenye nyumba wa Kigoma mjini, na chache za Tabora, wanaotaka kuachana na kampuni za usimamizi na kushika mambo yao wenyewe. Nimechukua hizi. Waliouliza kitu kilekile kwa maneno mengine watapata majibu yao humu humu.

Kampuni inakata asilimia 10 ya kodi kila mwezi na sioni kazi wanayofanya. Nataka kuisimamia nyumba mwenyewe kuanzia mwezi ujao. Niwaambieje? (Mwenye nyumba, Katubuka)

Mkataba wako na kampuni unasemaje? Hujaniambia, na karibu kila anayeniuliza swali hili hasemi. Watu wanasaini, wanafunga kabatini, halafu siku ya ugomvi ndiyo wanauliza watu wengine kilichoandikwa. Utoe leo uusome kabla hujampigia mtu simu. Angalia notisi ni ya siku ngapi. Kisha angalia kwa makini sana kama kuna kipengele kinachoipa kampuni haki ya kuendelea kudai kamisheni kwa mpangaji iliyomleta yenyewe, hata baada ya wewe kuondoka. Hicho ndicho kinachowaumiza watu. Unadhani umetoka, kumbe mpangaji akiongeza mwaka mwingine unadaiwa tena.

Notisi iwe ya maandishi. Peleka nakala mbili, moja isainiwe na aliyeipokea, aandike na tarehe, urudi nayo nyumbani. "Nilimwambia kwa simu" haitakusaidia popote. Na "mwezi ujao" ni haraka mno. Kama wapangaji wako wamelipia hadi mwisho wa Desemba, panga makabidhiano yaangukie hapo, ili kodi mpya ianze na wewe na hesabu zisichanganyike.

Siku ya makabidhiano usiondoke na funguo peke yake. Dai mikataba halisi ya wapangaji, nakala za vitambulisho vyao, orodha ya nani amelipa mpaka tarehe gani, namba za mita za umeme na bili ya mwisho ya maji. Bili usiidharau. Umeme wa LUKU unalipiwa kabla, hauachi deni la matumizi, lakini maji yanasomwa kwanza na kulipwa baadaye, na mpangaji akihama deni linabaki kwenye mita yako. Kuna watu wamepokea nyumba Jumatatu wakakatiwa maji Ijumaa.

Halafu kuna amana. Kama kila mpangaji aliweka kodi ya mwezi mmoja kama dhamana, fedha hiyo si ya kampuni wala si yako. Ni ya mpangaji, na siku akiondoka atakudai wewe. Ukiambiwa ilitumika kwenye matengenezo, omba risiti za matengenezo hayo, moja moja. Usisaini karatasi ya makabidhiano hadi amana imehesabiwa.

Nakuomba pia ufikirie upya hilo la kutoona kazi wanayofanya. Kwa chumba na sebule cha shilingi 150,000, asilimia 10 ni 15,000. Jiulize kama uko tayari kupokea simu saa nne usiku shimo la choo linapofurika mvua za Aprili, na mpangaji ana watoto wadogo ndani. Kama uko tayari, chukua nyumba yako. Kama hauko, badilisha kampuni.

Nilimlipa wakala wa nyumba kodi ya miezi sita mwezi wa pili. Mwezi wa nne mwenye nyumba akaja akasema amemfukuza wakala, hajaona hata senti, na anataka nimlipe yeye. Nina risiti. Nifanye nini? (Mpangaji, Mwanga)

Usilipe mara mbili. Wakala alikuwa mkono wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ndiye aliyempa kazi ya kupokea kodi, na ulipompa wakala fedha wakati bado ana kazi hiyo, ulikuwa umemlipa mwenye nyumba. Kama zimepotelea njiani, mdai wake ni mwenye nyumba, na anayedaiwa ni wakala. Wewe humo haumo.

Toa nakala ya risiti umpe, halisi ubaki nayo. Kama ulilipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa muamala na uchukue taarifa ya miamala kwa mtandao wako. Akikusumbua, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mkaandikishane. Isipokwisha hapo, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, ila siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi tena hukumu ya ardhi. Mkishindwana, mahali pa kesi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na nyie wenye nyumba mnaosoma hapa: kodi iliyokwisha kulipwa imekwisha kulipwa. Nimeona mama mmoja na watoto wake wakikaa barazani na magodoro yao, risiti ameishika mkononi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amegombana na wakala wake. Risiti ilikuwa ya kweli, ina tarehe na sahihi. Ukibadilisha msimamizi, barua iende kwa kila mpangaji siku hiyohiyo: kuanzia tarehe fulani, kodi inalipwa kwa fulani, kwa namba hii au akaunti hii. Ikisainiwa na pande zote mbili, wewe na kampuni inayotoka, ni bora zaidi, kwa sababu mpangaji mwenye akili hatamlipa mtu anayebisha hodi na kudai tu kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Ana haki ya kukuomba uthibitisho. Usimkasirikie.

Sasa nasimamia mwenyewe. Mpangaji ana miezi mitatu hajalipa. Naweza kung'oa mlango ili aondoke? (Gungu)

Hapana. Wala usikate umeme, usitoe bati, usibadilishe kitasa akiwa kazini. Mpe notisi ya maandishi, taja deni na muda wa kulipa, kisha nenda kwenye mabaraza niliyoyataja hapo juu. Ukifanya kwa mabavu, mwenye deni anageuka mlalamikaji na wewe unageuka mshtakiwa. Nimejibu swali hili mara nyingi mno, na bado kuna milango inang'olewa. Mle ndani mnalala watu.

Mpangaji anataka nimrudishie 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU. Kampuni haikuwahi kuniambia habari hiyo. (Kiloleni, Tabora)

Mrudishie, au mpunguzie kwenye kodi. Hiyo ni kodi ya majengo, na jengo ni lako. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, lakini mzigo ni wa mwenye nyumba. Iandike kwenye mkataba ili msiulizane kila mwezi. Kama nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, peleka namba za mita hizo kwa wanaoikusanya wakurekebishie.

Mpangaji wangu ni shirika linalohudumia wakimbizi. Mkataba ni 800,000 kwa mwezi. Baada ya kuondoa kampuni iliyonisimamia miaka mitatu, wameanza kuniwekea 720,000. Nahisi wananidhulumu. (Kigoma mjini)

Hawakudhulumu. Hiyo 80,000 ni kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango, ambayo taasisi au mfanyabiashara anayepanga analazimika kuikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa jina lako. Ilikuwa ikikatwa hata wakati wa kampuni, ila wewe ulikuwa unapokea kilichobaki bila kuuliza hesabu. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, ndugu yangu. Miaka mitatu mtu analetewa fedha zimepungua na hajui zimepunguzwa nini!

Kila makato wadai cheti cha kodi ya zuio. Hiki ndicho kitakachokutetea TRA watakapokuuliza kuhusu mapato ya nyumba. Iombe na kampuni ya zamani vyeti vya miaka yote waliyokusimamia, na uombe kabla hamjaachana kwa ubaya, maana baadaye hawatapokea simu.

Kwa kuwa mashirika mengi yanapanga nyumba hapa mjini kwa sababu ya kambi za Kasulu na Kibondo, niseme na hili. Mradi wa shirika ukiisha, shirika linaondoka na nyumba inabaki tupu. Usiweke mkopo wa benki juu ya kodi ya mpangaji wa aina hiyo kana kwamba atakaa milele.

Mkataba na mpangaji ni lazima ulipiwe chochote serikalini? (Cheyo, Tabora)

Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Nyumba ya 200,000 kwa mwezi ni 24,000. Lipa mapema, kwa sababu mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Ninaishi Dodoma, nyumba iko Ipuli, Tabora. Nikiitoa kwa kampuni, shemeji yangu yuko jirani anaweza kuiangalia. Itafaa? (Mwenye nyumba, Dodoma)

Shemeji ana kazi yake. Unamlipa kiasi gani? Kama jibu ni "ni ndugu, tutaelewana", basi unamwonea, na yeye baada ya miezi sita ataanza kujilipa kutoka kwenye kodi, kwa haki kabisa machoni pake, na undugu utaingia doa. Mlipe, hata kama ni kidogo, na muandikishane. Kodi isipite mikononi mwake. Iende moja kwa moja kwenye akaunti yako au kwenye simu yako. Yeye kazi yake iwe kuangalia nyumba, kufungulia mafundi na kukutumia picha za kazi kabla na baada. Fundi bomba na fundi umeme muwajue wote wawili kwa namba.

Na uje mwenyewe. Angalau mara mbili kwa mwaka, na mara moja iwe mvua zinaponyesha. Nyumba ya kiangazi haisemi ukweli.

Nilijifunza hili kwa nyumba yangu ya Gungu. Nilipoichukua kutoka kwa wasimamizi nilipewa funguo kumi na moja zimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, hazina alama. Nikaingia chumba kwa chumba na daftari, najaribu ufunguo, naandika. Uani kulikuwa na bomba linalodondosha matone kwenye kifuniko cha ndoo. Saruji chini yake ilikuwa imekuwa ya kijani na ukuta wa jikoni umelowa hadi usawa wa goti, rangi inabanduka ukiigusa. Bibi aliyekuwa akiishi pale akaniambia, "Nimesema mara nne, mwanangu. Sikujua kama wewe unaishi hapa hapa mjini." Washa ya bomba ni fedha ndogo sana. Ule ukuta tuliupiga lipu upya.

Nilikuwa nakaa dakika ishirini kwa miguu kutoka pale.

Mama yetu amefariki. Nyumba yake ya Ujiji ilikuwa chini ya kampuni, na sasa kaka zangu wawili kila mmoja anaiambia kampuni imletee yeye kodi. Mimi nataka tuisimamie wenyewe kama familia. (Binti wa marehemu, Ujiji)

Pole sana, dada. Mungu amrehemu mama.

Kampuni ilikuwa wakala wa mama, na uwakala unakoma aliyeutoa anapofariki. Kwa hiyo wao hawana tena mamlaka ya kupokea kodi kwa jina lake, na kaka zako nao hawana mamlaka ya kuipokea kwa jina la warithi. Kaeni kikao cha familia, mteueni mtu mmoja, muandike muhtasari na kila mmoja asaini, mwende nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Mahakama ndiyo itakayomteua msimamizi wa mirathi. Si lazima awe mkubwa kwa umri, wala si lazima awe mwanaume. Awe mtu anayetunza karatasi.

Akishateuliwa, kodi iingie kwenye akaunti ya mirathi hadi mgawo ukamilike, na kila mrithi aonyeshwe hesabu. Kampuni imkabidhi yeye, kwa orodha ileile niliyomwambia mwenye nyumba wa Katubuka. Mwambieni aliyekwisha kuchukua kodi tangu msiba aandike alichopokea, kitahesabiwa kwenye fungu lake.

Wapangaji waandikieni barua wiki hii hii kuwaambia kwamba familia imo kwenye utaratibu wa mirathi, na kwamba atakayekuja kudai kodi aje na barua ya mahakama. Wamezoea kumlipa mama yenu kwa amani. Wasiingizwe kwenye ugomvi wenu.