Jibu: Pampu ya bwawa na kijito, Bukavu

Ndugu yangu, umeuliza ununue pampu gani. Kwa bwawa lako la lita 4,200 lenye tilapia, na kijito kinachoanzia mita 1.8 juu yake, usinunue pampu kwa kutazama namba kubwa kwenye boksi. Hiyo Q max, yaani lita nyingi zaidi inazotoa kwa saa, hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji hata kidogo. H max nayo ni kimo ambacho maji hayatoki tena. Kwa vilima vyetu vya Bukavu, hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa. Mwombe muuzaji mchoro unaoonyesha lita kwa kila kimo. Asipokuwa nao, nenda duka lingine.

Kwa kijito cha upana wa sentimita 20, mimi ningetaka lita 2,000 hivi kwa saa zifike kule juu. Kiasi hicho pia kinazungusha bwawa lote kila baada ya saa mbili, samaki watapumua vizuri. Hesabu kimo cha mita 2 na zaidi, kwa sababu mpira wa kupitisha maji nao unapunguza nguvu, hasa ukiwa mwembamba. Tafuta pampu yenye Q max ya lita 4,000 kwa saa, H max mita 4, iliyotengenezwa kufanya kazi mchana na usiku. Ile ya kutoa maji ya mafuriko haifai: inakula umeme sana.

Iweke juu ya tofali, mbali na matope. Na usilijaze bwawa hadi ukingoni: SNEL, shirika letu la umeme, wakikata umeme, maji yote ya kijito yatateremka humo.