Kulipwa taslimu kwa vyuma chakavu: niliyoyaona Uingereza

Ndugu yetu wa Mombasa ameuliza kama ni kweli kwamba Uingereza mtu akiuza vyuma chakavu halipwi pesa taslimu, na kama sheria ya namna hiyo ingefaa Kenya. Ni kweli, nami naijua kwa kuwa ni fundi bomba hapa Birmingham tangu kabla haijatungwa.

Zamani nilikuwa nikipeleka kwenye yadi, yaani uwanja wa mnunuzi wa vyuma chakavu, mabomba ya shaba tuliyoyang'oa kwenye nyumba za wateja, yanawekwa kwenye mizani, nahesabiwa noti, naondoka bila mtu kuniuliza jina. Wepesi huohuo ndio uliomfaa mwizi. Mwaka 2011, bei ya shaba ilipokuwa juu sana, tulifika asubuhi kwenye nyumba tuliyokuwa tukiikarabati tukakuta mabomba mapya yamekatwa usiku, na maji yameharibu dari na sakafu yote ya chini. Hasara ya mwenye nyumba ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko thamani ya shaba iliyoibwa. Miaka hiyohiyo wezi walikuwa wakikata nyaya za ishara za reli hadi treni zinasimama, na kubandua madini ya risasi kwenye mapaa ya makanisa.

Kwa England na Wales marufuku ilianza tarehe 3 Desemba 2012, kisha ikakazwa na sheria ya mwaka 2013. Scotland ilifuata mwaka 2016. Mnunuzi hulipa kupitia benki au kwa hundi ambayo haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine, huthibitisha jina na anwani ya muuzaji, na hutunza kumbukumbu kwa miaka 3. Hata kulipa kwa bidhaa badala ya pesa hakuruhusiwi. Jambo ninaloliona la busara kuliko yote ni kwamba kosa la kulipa taslimu humwangukia mnunuzi. Muuzaji hushtakiwa akidanganya jina au anwani yake. Wezi ni wengi na hawajulikani, lakini yadi inajulikana ilipo na ina leseni inayoweza kunyang'anywa.

Hata hivyo, sheria hii ina upande mchungu. Mwaka 2014 mpwa wangu alikuja kuishi nami, akanisaidia kazi, nikampa shaba akauze iwe ujira wake. Alikuwa na pasipoti, lakini hakuwa na bili yoyote yenye jina na anwani yake, wala akaunti, na benki nayo ilimdai uthibitisho uleule wa anwani. Mtu mmoja alimshauri ataje anwani isiyo yake, nilimkataza kabisa. Shaba ile ilikaa bandani kwangu wiki kadhaa, ilhali kijana alikuwa ameitolea jasho kwa halali. Nilijisikia vibaya, na bado naamini mtunga sheria anayezuia noti anawajibika kwanza kuhakikisha maskini na mgeni wana njia nyingine ya kupokea haki yao.

Kwa Kenya, njia hiyo tayari iko mfukoni mwa watu. Mkusanyaji wa mkokoteni asiye na akaunti ya benki mara nyingi ana M-Pesa, na malipo ya simu huacha jina, kiasi na saa. Mwezi Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, na waliokuwa wakiishi kwa kuokota makopo wakaadhibiwa pamoja na wahalifu. Kulazimisha wanunuzi walipe kwa simu kungekuwa haki zaidi kuliko kufunga biashara nzima.

Ila wanunuzi wanaozunguka mitaani wasiachwe nje. Marufuku ya 2012 ya huku England na Wales iliwaachia upenyo wakusanyaji wa aina hiyo, na ilibidi sheria ya 2013 iuzibe.