Kabla ya Kuniuliza Bei, Niambie Kilo

Msimu wa mavuno ukifika, barua za safu hii huongezeka lakini maswali hupungua, kwa maana wengi huuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Nimechagua machache. Kama lako halimo, litafute ndani ya la mwenzako kabla ya kuniandikia tena.

SWALI: Ninalima mahindi wilayani Kongwa na nina magunia 40 ndani. Je, bei itapanda mwezi wa kumi, au niuze sasa?

JIBU: Sijui, na anayekuambia kwamba anajua ama ana mahindi ya kuuza ama anayataka ya kwako. Hukunieleza magunia hayo ni ya kilo ngapi wala kama mahindi yamekauka. Yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5, ambao ndio ukomo wa kiwango cha Afrika Mashariki, hutakuwa unasubiri bei bali ukungu.

SWALI: Unapenda kutaja "gharama za miamala". Sisi ambao hatukusoma uchumi tuelewe nini?

JIBU: Ni kila unachokitoa ili uuze, mbali na ulichokitoa ili ulime. Nauli ya bodaboda ya kwenda kuulizia bei gulioni imo, vocha ya simu imo, siku nzima uliyoipoteza ukimsubiri mnunuzi aliyesema "niko njiani" imo, na limo pia punguzo ambalo mnunuzi hulikata kimoyomoyo kwa sababu hajui katikati ya gunia lako kuna nini. Hilo la mwisho halina risiti, na mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote. Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda mwezi Machi 2021 kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, aliyeanika juu ya turubai na aliyeanika juu ya udongo walirudishwa mpakani pamoja, kwa kuwa hapakuwa na njia rahisi ya kumtofautisha mmoja na mwingine. Mchumi Mwingereza Ronald Coase alilieleza jambo hili mwaka 1937 alipouliza kwa nini kampuni zipo ikiwa kila kitu kinaweza kununuliwa sokoni. Jibu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama. Mwaka 1991 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Mkulima aliyewahi kulala juu ya magunia yake gulioni angelimjibu papo hapo.

SWALI: Madalali ndio wanaotunyonya. Kwa nini Serikali isiwafute, tukauza wenyewe moja kwa moja kwa walaji?

JIBU: Swali hili huja kila mwaka, hivyo safari hii nitalijibu kwa urefu ili mwakani nimwelekeze mwulizaji hapa.

Lori la tani kumi linahitaji magunia 100 ya kilo mia mia. Katika kijiji cha kawaida magunia hayo hayako kwenye ua mmoja, bali yametawanyika kwa watu thelathini au zaidi: huyu ana matano, yule ana mawili, na mwingine ana debe nne ambazo yeye na mkewe hawajakubaliana kama waziuze. Lazima awepo mtu anayejua nani amekwisha kupukuchua, nani anadaiwa ada ya mtoto, na mahindi ya nani yameingiwa na dumuzi, kisha azunguke nyumba kwa nyumba hadi mzigo utimie kabla lori halijafika. Lori likilala kijijini siku tatu likisubiri, dereva anakula, utingo anakula, na mwenye lori anahesabu. Ukimfuta dalali, kazi hiyo haifutiki pamoja naye. Itafanywa na mtu mwingine, na huyo naye atataka kulipwa, na pengine ataifanya vibaya zaidi.

Tumekwisha kuliona hilo kwa kiwango kikubwa. Mwezi Novemba 2018, baada ya wanunuzi wa korosho kutoa bei ambazo wakulima walizikataa, Serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Lakini kuhakiki nani ana shamba na nani hana, kupanga madaraja, kusomba, kutunza, kulipa na kumtafuta mnunuzi wa nje ni kazi ambazo wafanyabiashara walikuwa wakizifanya bila mtu kuzitaja, na wakulima wengi walisubiri malipo yao kwa miezi kadhaa.

Simtetei dalali kwa kila jambo. Anayedai ujira wa wazi kwa kila gunia ni mtu wa kazi kama mpakiaji. Anayeweka cha juu, akamwambia mkulima bei moja na mnunuzi bei nyingine huku akihakikisha wawili hao hawaonani, anauza giza, na giza hilo hustawi zaidi pale alipo peke yake au pale wenzake walipokubaliana naye. Kwa hiyo hesabu kwanza: kijijini kwenu madalali ni wangapi? Wakiwa watano, washindanishe. Akiwa mmoja, acha kumlaani na uitazame barabara yenu, kwa sababu kijiji kisichofikika wakati wa mvua huwa na dalali mmoja tu, yule mwenye ujasiri wa kuingia, na ujasiri huo hutozwa.

SWALI: Mimi ni mkulima wa viazi mkoani Njombe. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, lakini nikifunga gunia la kawaida mnunuzi anacheka na kuondoka. Tufanyeje?

JIBU: Mwaka juzi nilisimama kwenye kituo kimoja cha barabarani huko huko Nyanda za Juu Kusini, nikiwatazama vijana wawili wakifunga viazi. Gunia lilipojaa, mmoja alipanda juu akalikanyaga, kisha wakafuma kamba mdomoni mwake kama wavu na kuendelea kujaza, hadi likawa na kichwa na mabega. Niliomba lipimwe. Katika kituo kizima mizani ilikuwa moja tu, ya mnunuzi wa chuma chakavu, na tulilazimika kumbembeleza aikodishe. Gunia lilisoma kilo 134. Mwenye viazi alikuwa ameliuza kwa shilingi 60,000 na alikuwa na furaha, kwa sababu jirani yake aliyekataa lumbesa alikuwa ameuza lake la kilo 100 kwa shilingi 50,000 tu. Nilimwomba agawanye. Yeye alipata shilingi 448 kwa kilo, na jirani akapata 500. Kwa bei ya jirani, lile gunia lenye mabega lingeleta shilingi 67,000. Alininyamazia, kisha akaniuliza kama mimi ni mtu wa Wakala wa Vipimo.

Wengi hudhani lumbesa ni ukatili wa mnunuzi tu, na viongozi wetu hupenda kuizungumzia hivyo kwa sababu kukemea hakugharimu kitu. Lakini tazama njia nzima ya gunia hilo. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Mwenye lori mara nyingi anatoza kwa gunia. Kwenye kizuizi cha ushuru, kijana mwenye mashine ya risiti anahesabu magunia na haoni kilo. Sokoni mjini, ada ya kushusha nayo ni kwa gunia. Katika safari ambayo kila mtu anatoza kwa idadi ya magunia, mnunuzi mwenye akili atataka magunia machache yaliyo makubwa, na tofauti yote hulipwa na wewe uliyelima na mpagazi anayebeba kilo 134 mgongoni. Nchini Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia, na bado wakulima wa huko wanalalamikia magunia yaliyovimba, kwa sababu kanuni inapobadilisha gunia bila kubadilisha namna ya kutoza, gunia hujirudi.

Hivyo, mosi, msikatae mmoja mmoja, kwa kuwa mnunuzi huhamia ua wa pili. Kataeni kituo kizima kwa siku moja, na siku hiyo muwe na mizani. Pili, mwulizeni diwani wenu kwa nini halmashauri inayohubiri vipimo asubuhi inatoza ushuru kwa gunia mchana. Hilo la pili litaiuma halmashauri zaidi.

SWALI: Nilikuwa nikipeleka magunia matano ya mpunga kwa ndugu zangu wilaya jirani, nikazuiwa na kutakiwa kulipa ushuru. Ni halali?

JIBU: Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilitangaza kwamba mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru, na magunia matano ni kama nusu tani. Uliza kifungu, omba risiti, na usipopewa vyote viwili usitoe pesa. Bajeti hiyo hiyo ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula. Usifurahie sana ukisikia kwamba mlipaji kisheria ni mnunuzi, kwani mnunuzi huutoa kwanza katika bei anayokutajia.

SWALI: Siku hizi bei za masoko yote ziko kwenye simu. Kwa nini basi bado tunauza kwa bei ya chini?

JIBU: Kwa sababu kuijua bei na kuifikia ni mambo mawili. Mfano unaopendwa na wenye mikutano ni wa wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, ambako mchumi Robert Jensen alionyesha kwamba simu za mkononi zilipoenea kati ya mwaka 1997 na 2001, bei za fukwe mbalimbali zilikaribiana na samaki wakaacha kumwagwa. Ni kweli kabisa. Lakini mvuvi yule alikuwa ndani ya chombo chake, chenye injini na shehena, na alichohitaji ni kujua aelekeze usukani wapi. Wewe una magunia sita chini ya mwembe, kilomita 40 kutoka lami, na lori si lako. Simu inakusaidia kubishana na aliyefika. Haikupeleki kwa ambaye hakufika. Iite basi silaha ya kubishania, na mkiwa kumi mkachangia usafiri ndipo itakuwa usukani.

SWALI: Ninalima korosho Newala. Stakabadhi ghalani inatukata kila mahali na pesa zinachelewa. Si afadhali kangomba, mlanguzi anayenunua nje ya mfumo na kulipa taslimu?

JIBU: Hapana, ingawa ninakuelewa vizuri kuliko wanaokukemea.

Mfumo huu, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2005 na kuingia katika korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, uliondoa gharama moja kubwa. Badala ya kila mkulima kumtafuta mnunuzi wake, korosho za wengi hupimwa, hupangwa daraja, huwekwa ghalani kwa stakabadhi, na wanunuzi ndio huja kushindana mnadani. Makato unayoyaona, ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji na halmashauri, kwa sehemu kubwa yalikuwepo hata zamani. Tofauti ni kwamba sasa yameandikwa, na ndiyo maana yanauma. Yaliyoandikwa yanaweza kuhojiwa. Nenda kwenye mkutano mkuu wa AMCOS yenu, yaani hicho chama cha msingi, ukiyahoji, badala ya kumtuma mtoto akusikilizie.

Gharama ambayo mfumo haukuiondoa ni ya kusubiri, na hapo ndipo kangomba anapoishi. Tuseme anakupa shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Agosti kwa korosho ambazo mnadani mwezi Oktoba zitakuachia 2,000 baada ya makato. Huo ni mkopo wa miezi miwili kwa riba ya asilimia 100, na anaupima kwa bakuli lake, si kwa mizani. Hakuna benki ambayo ungeivumilia kwa riba hiyo. Hata hivyo mwenye mgonjwa hospitalini halinganishi riba. Analinganisha leo na kesho. Lengo mojawapo la sheria ya 2005 lilikuwa stakabadhi yenyewe iwe dhamana ya mkopo, ili mkulima apate sehemu ya fedha huku korosho zikisubiri bei. Viongozi wa vyama wanaotumia mikutano yao kuwalaani kangomba wangefanya la maana zaidi kama wangeleta mkopo huo, au walau mfuko wa dharura wa wanachama, mwezi Julai.

SWALI: Tuliingia mkataba wa alizeti na mnunuzi, alipochelewa, wenzangu wakauza kwa mwingine. Nani ana kosa?

JIBU: Wote. Mkataba wa zao ambalo kila mpita njia anaweza kulinunua na kulikamua ni dhaifu tangu siku ya kusainiwa. Tumbaku hudumu katika mikataba kwa sababu wanunuzi ni wachache na pembejeo zilizokopeshwa hukatwa kwenye soko lile lile la mauzo. Mkataba ujao uandikwe siku ya mwisho ya kununua, na nini kitafuata siku hiyo ikipita.

SWALI: Kikundi chetu kimenunua mizani ya kidijitali, lakini wanunuzi wanadai inadanganya. Tutathibitishaje?

JIBU: Hatimaye, swali la mtu aliyekwisha kuanza. Iteni Wakala wa Vipimo waihakiki na kuibandika stika yao, na msimruhusu mtu kuichokonoa baada ya hapo. Siku za kawaida, iwekeni mahali tambarare, si juu ya udongo laini, kisha pimeni ndoo tupu mbele ya mnunuzi, ijazeni lita 20 za maji, na mpime tena. Tofauti ikiwa kilo 20, endeleeni na biashara. Mnunuzi akisema maji nayo yanadanganya, msimwuzie.