P0420: usikubali masega yatolewe kabla ekzosi haijasikilizwa

Mkuu, umesema gari yako ya 2005 imewasha taa ya injini, mashine ya kupima imetoa namba P0420, gari ni nzito kupanda mlima wa Kitonga, na fundi wako hapo Iringa anataka kutoa masega (kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, "catalytic converter") aweke bomba tupu. Nakuomba usimruhusu kwanza. Mimi niko Mbeya, yalinikuta hayo hayo kwenye gari ya 2004, na hela ilinitoka kabla sijapata jibu.

Namba hiyo haisemi masega yamekufa. Inasema kompyuta ya gari haijaridhika na kazi ya masega. Kuna sensa ya oksijeni kabla ya masega na nyingine baada. Ya mbele inapanda na kushuka muda wote, ya nyuma inatakiwa itulie. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, taa inawaka. Sasa ekzosi ikiwa na upenyo karibu na sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inasoma oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini, na masega yanasingiziwa.

Kwangu fundi wa kwanza alibadilisha sensa ya nyuma. Laki na ishirini ikaenda, na siku ya tatu taa ikarudi nikiwa napandisha Kawetire kwenda Chunya. Wa pili akasema kama wako, toa masega. Wa tatu, mzee mmoja wa Mwanjelwa, akaniambia nilete gari alfajiri ikiwa ya baridi kabisa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mnaijua. Akawasha, akanipa kitambaa kinene nizibe mdomo wa ekzosi sekunde chache, yeye akalala chini kusikiliza. Pale bomba linapoungana, mbele ya masega, ikasikika tsi-tsi-tsi, na pembeni pana masizi. Gasketi ilikuwa imeungua. Alinieleza kwamba chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana gereji za mchana hawakusikia kitu. Gasketi mpya, bolti mbili, namba ikafutwa. Tangu hapo nimekwenda Dar na kurudi mara mbili, taa haijawaka.

Kuhusu gari kuwa nzito Kitonga: usikimbilie kusema masega yameziba. Huku juu hewa ni nyepesi. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kusukumia hewa ndani) inapoteza takribani asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Masega yaliyoziba yana dalili zake: gari inagoma kupanda mzunguko hata ikiwa imesimama, na inazidi kuchoka kadiri inavyopata moto. Gonga kopo lake kwa nyundo ya mpira likiwa limepoa. Likilia kama debe lenye kokoto, masega yamevunjika ndani.

Hata kama yamekufa kweli, tafuta kilichoyaua. Plagi au koili mbovu inapeleka petroli mbichi kwenye ekzosi, inaungulia ndani ya masega hadi yanayeyuka. Taa ikiwa inawaka na kuzima, ndiyo hiyo: punguza mwendo, usikanyage mafuta, tafuta pa kusimama. Injini inayokula oili nayo inayaziba polepole. Ukifunga mapya bila kutibu hayo, nayo yatakufa.

Na bomba tupu halizimi taa, kwa sababu sensa ya nyuma bado iko palepale inasoma. Tena moshi wa sumu unatoka bila kuchujwa, na wewe unabeba watoto. Fundi akishikilia kuyatoa, mwambie utaondoka nayo nyumbani. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, yana wanunuzi, na wapo wanaoshauri yatolewe kwa sababu hiyo tu.

Kesho alfajiri, kabla hujaiwasha kwenda popote, anza na kitambaa. Vaa glavu, kaa nje penye hewa, na mtu wa kusikiliza awe upande wa mbele. Ukisikia tsi-tsi, andika hapa ni sehemu gani.