Nakala yako ya Dragon Ball ni kamili

Ndugu, umeuliza kwa nini Arale, msichana roboti, anajitokeza ghafla kwenye Dragon Ball, manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ya Akira Toriyama, na kwa nini kisa cha mhalifu Garlic Jr. ulichokiona kwenye anime (katuni ya televisheni iliyotokana na vitabu hivyo) hukipati vitabuni. Hakuna kilichopotea. Arale ni wa Dr. Slump, manga ya Toriyama ya 1980 hadi 1984. Goku, shujaa wa Dragon Ball, anafika kijijini kwa Arale akimfukuza adui yake Jenerali Blue, na kwangu hapo ndipo penye utamu wenyewe! Soma japo juzuu ya kwanza ya Dr. Slump, kisha urudie sura hizo.

Garlic Jr. ni nyongeza ya anime, kwani anime ilikuwa ikiifikia manga kabla Toriyama hajamaliza kuichora, ikabidi nafasi ijazwe. Ukitaka anime iliyo karibu na kitabu, tafuta Dragon Ball Kai ya 2009. Jihadhari na nakala za wizi, nyingine zina kurasa pungufu.