Ndege hawasogei kibandani? Angalia maji kwanza

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa hiyo kibanda cha makuti cha kujificha upige picha za ndege umeshajenga ufukweni hapo Pemba, umekaa toka asubuhi mpaka adhuhuri na yangeyange na sululu (wale ndege wa mdomo mrefu uliopinda) wote wako mbali kama nukta. Mie yalinikuta hayo hayo. Kosa si kibanda, ni maji, ulikaa yakitoka na ndege wanayafuata huko huko chini. Ingia yakishakupwa kabisa halafu ngoja yajae, yatakusukumia ndege wenyewe mpaka mbele, ila siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapanda sana, mie nlitoka na mkoba wa kamera kichwani watu wa dau wakanicheka.

Halafu tundika kitambaa cheusi nyuma ya mgongo wako, mwanga ukipenya makuti wanaona kivuli kinacheza. Ndege wakifika usipige picha papo hapo, waache waanze kudonoa matope. Zile picha mbili ulizotuma mabawa yametoka ukungu, hiyo spidi ya shata tu, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, lenzi haina neno, anza na 1/1000 ya sekunde. Chozi wa Pemba, kale kandege kadogo, msituni Ngezi ni habari nyengine, mule kiza, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, utaipandisha tu.