Mmeshindanisha mwenyekiti na mchungaji

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha wafugaji 12 huku Muheza. Karibu wote tunachunga, ila mwenyekiti wetu anafuga ndani. Tunafikiria kuchukua mkopo tujenge mabanda, tukaona tupime kwanza. Tukachukua ng'ombe wanne wa mwenyekiti na wanne wanaochungwa na kijana wetu mmoja, wote chotara. Kwa miezi miwili wa ndani walitoa wastani wa lita 9 kwa siku, wa nje lita 5. Mwenyekiti anasema hakuna tena la kujadili. Mzee mmoja amegoma kusaini mkopo, anasema wale wa mwenyekiti wamezaa juzi tu na wanakula pumba. Nani mkweli? – Katibu wa kikundi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wenu ana haki ya kugoma, na bado hajayasema yote.

Ng'ombe akizaa, maziwa hupanda mpaka kama wiki ya sita au ya nane, kisha huanza kushuka, umfunge au umchunge. Kama wa mwenyekiti wamezaa juzi, mmewapima wakati wao mzuri. Hao wengine hukuniambia walizaa lini, na nahisi hata daftarini hamna. Halafu hiyo pumba. Katika zile lita nne za tofauti, ngapi ni za banda na ngapi ni za pumba? Mnaweza kusema mfumo wenu ni banda pamoja na pumba, sawa kabisa, ila basi bei ya pumba iandikwe, na anayekopa ajue anakopea vyote viwili.

Lililonikera zaidi ni hili: wanne wanalala kwa mtu mmoja, wanne wanafuata fimbo ya kijana mmoja. Ninyi mnahesabu ng'ombe wanane, mimi nahesabu watu wawili. Kama mwenyekiti huamka saa kumi alfajiri na kijana hupenda kujilaza chini ya mnazi, lita zenu zimepima hayo pia. Hata mngeongeza ng'ombe ishirini kwenye banda lile lile, mngekuwa mnazidi kumpima mwenyekiti tu.

Vitabu vyetu vingewashauri mbadilishane: wa ndani watoke, wa nje waingie, kila ng'ombe alinganishwe na nafsi yake. Kwa kupima chakula ni njia nzuri sana na nimeitumia mara nyingi. Hapo kwenu naikataza. Ng'ombe aliyekulia bandani hajazoeana na kupe. Mkimtoa malishoni hivi hivi, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaweza kumwondoa ndani ya wiki chache, na mwenyekiti atakuwa na kila sababu ya kuwachukia.

Tena swali lenu wala halihitaji hilo. Mnachotaka kujua ni kama ng'ombe wenu wa kuchungwa, akiingia bandani na kuhudumiwa na ninyi wenyewe, ataweza kulipa mkopo. Basi ng'ombe wa mwenyekiti wakae pembeni kabisa. Chukueni wa kuchungwa watupu, kila mmoja kutoka nyumba yake; nyumba nane ziwe za kuanzia, kumi ni afadhali. Wapangeni wawili wawili, waliozaa tarehe za karibu, waliokwisha kuzaa mara zinazolingana, maziwa yanayokaribiana. Wapimeni wiki mbili wote wakiwa bado nje. Ndipo mpige kura ya bahati nasibu katika kila jozi: mmoja aingie kwenye kibanda cha muda cha miti na makuti, mwenzake aendelee kuchungwa. Wiki tatu za mwanzo msizihesabu, maana vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huchukua muda kuzoea chakula kipya.

Nimesema kura, na naomba isiguswe. Mtajaribiwa kusema, "Huyu mwembamba, masikini, tumwingize ndani." Mwaka 1930 huko Lanarkshire, Scotland, watoto wa shule 20,000 waligawanywa, nusu wapewe maziwa na nusu wasipewe, ionekane kama maziwa yanakuza. Walimu wakaruhusiwa kurekebisha makundi wakiona hayalingani. Wakawaonea huruma watoto dhaifu na kuwasogeza upande wa maziwa, hata kundi lisilopewa likaanza likiwa refu na zito kuliko lile jingine. W. S. Gosset, mtakwimu wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliandika mwaka uliofuata kwamba jozi 50 tu za mapacha wanaofanana zingeaminika zaidi.

Siwacheki walimu wale. Nikiwa kijana katika kituo cha utafiti wa mifugo nililinganisha makundi mawili ya ng'ombe kwa miezi mitatu, moja likila majani matupu. Asubuhi moja nikamkuta ng'ombe wa majani matupu ana vumbi jeupe puani. Nikalipangusa kwa kidole: pumba. Mkamuaji, mtu mwema mno, alikuwa akimpa viganja viwili kila alfajiri. "Anakonda, bwana." Tangu lini? Hakumbuki. Na wengine je? Akatazama chini.

Sasa ndama. Je, wa nje ndama zao wanashinda na mama zao malishoni, na wa mwenyekiti wananyweshwa kwa ndoo? Kama ni hivyo, lita 5 zenu ni zile zilizosalia baada ya ndama kushiba. Ndama wote muwatenganishe na mama zao kwa utaratibu mmoja, chombo cha kupimia kiwe kimoja, saa za kukamua zilingane.

Na pimeni kazi. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anataka kilo 60 na zaidi za majani mabichi ya mabingobingo kwa siku, na maji lita 50 au zaidi. Yule wa nje huyafuata mwenyewe. Huyu wa ndani ataletewa na nani? Waulizeni kina mama kabla ya kumuuliza mwenyekiti, kisha andikeni saa za kila anayekata na kubeba. Baada ya kutoa pumba, dawa na vibarua, angalieni kinachobaki kwa siku. Lita peke yake hazilipi marejesho.

Anzeni Januari majani yakiwa yamekauka, mwende mpaka masika yaishe. Mkipima masika tu, malisho yatapendelewa.

Wa nje waogesheni dawa ya kupe kama mnavyowaogesha siku zote, msiongeze wala msipunguze. Mmoja akiugua mtibuni. Akifa, mtataka kumfuta ili wastani usiharibike. Msimfute. Jina lake libaki daftarini, na mbele yake muandike sifuri, asubuhi na jioni, mpaka siku ya mwisho.